Aliyeketi Kwanza: Shangazi Anaiaga Idara ya Wateja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kiwanda chetu cha samani, Mkuu wa Idara ya Wateja anastaafu. Sote tunamwita Shangazi, akiwemo mkurugenzi, ambaye amemzidi umri. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, msaidizi wake wa siku nyingi. Nafasi yake pia nimepewa mimi, kwa majaribio, na sharti ni moja: wateja wasikimbie. Naandika kwa heshima zote, na kwa wivu pia. Bora niseme mwenyewe kabla watu wa karakana hawajanisemea.

Alianza kwenye meza ya mapokezi, akahamia mauzo, kisha akakabidhiwa idara nzima kiwanda kilipoanza kuuza nje ya nchi. Hapo tukapata wateja wa kila namna. Wapo wanaotaka bei kabla hujavuta pumzi, na ukiwauliza habari za nyumbani wanaona unawapotezea muda. Wapo ambao usipowajulia hali wao, wazazi na watoto, umewatukana. Wengine huitikia ndiyo wakimaanisha wamesikia tu, wala hawajakubali chochote. Shangazi alimsoma mtu tangu mlangoni. Mimi nilihudhuria semina za mawasiliano, nikapata vyeti, nikavitundika ukutani. Wateja walivisoma vizuri sana huku wakiuliza Shangazi yuko wapi.

Siku ya wageni wa viti inajulikana kiwanda kizima. Walikuja kununua viti vya hoteli, na ukumbi wa maonyesho niliupanga mimi. Kwa desturi yao, mgeni haketi kabla ya mkubwa wa nyumba. Kwetu, mwenyeji haketi kabla ya mgeni. Mkurugenzi akawakaribisha viti. Wao wakainama, wakamkaribisha yeye. Nikasogeza viti, nikavisogeza tena. Watu wazima wamezungukwa na viti vya kila aina na wote wamesimama kama wanasubiri kupigwa picha! Mkuu wa wageni akaanza kuangalia mlango, nami nikaona oda inaondoka.

Ndipo Shangazi akaingia, akasalimia, akachagua kiti cha katikati na kujibwaga, akivilalamikia viatu vyake vipya. Mkubwa wa nyumba akawa amepatikana. Wageni wakaketi, mkurugenzi akaketi, na chai haijapoa oda ikawa yetu. Nilipiga makofi kama wenzangu, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Baadaye nilimuuliza alijuaje. Alisema aliona kila mtu anamwonea haya mwenzake, na yeye haya zilimwishia zamani.

Si malaika. Ni mkaidi, na kwa utani hana mpinzani. Salamu zangu alisema ni za mtu aliyeacha chungu motoni. Na watu wangu amenichukulia: mama yangu mzazi akipiga simu ofisini huongea naye kwanza, kwa raha zao, na nikija kupewa mimi nakuta habari zangu zote keshazipata.

Wiki iliyopita nilimpigia simu mkuu wa wale wageni wa viti kumwarifu kwamba Shangazi anaondoka. Akanyamaza. Zamani ningeujaza ukimya ule kwa maneno, lakini safari hii Shangazi alinikodolea macho kutoka meza ya pili, nami nikatulia. Hatimaye mteja akauliza afya yake, akamtumia salamu ndefu. Nikadhani ndio basi. Kumbe akaendelea: akanijulia hali mimi, akamuulizia mama yangu, akanipongeza kwa cheo, akasema oda ijayo tutaipanga pamoja. Nilishusha simu kwa furaha, nikageuka ili Shangazi anisifu.

Hakuwa nami. Alikuwa kwenye simu yake na wajukuu, anacheka, anawaahidi kwamba kuanzia mwezi ujao kila asubuhi atakuwa nao.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa kazi na kwa utani. Tunakuombea afya njema, viatu visivyobana na siku ndefu zenye raha. Wateja hawajakimbia, wivu wangu kwako umekwisha. Sasa wivu nawaonea wajukuu.