Kitanda cha Meza ya Kumi na Nne

Mheshimiwa Mkurugenzi, Bi. Philippa Haugen, waheshimiwa mameneja wa matawi yote tisa ya mgahawa wetu wa Kiitalia, Kwa Nonna Ersilia, ndugu wapishi na wahudumu, nanyi wageni mliokuja kula tambi zenu mkanaswa na hotuba: habari za mchana.

Mimi ni Verna Lindqvist, mke wa huyu Orrin anayestaafu, mnayemuaga leo. Marehemu baba yake Bi. Philippa, mwanzilishi wa migahawa hii, Mnorwei asiyewahi kufika Italia, alimpa Orrin kazi ya kutafuta mapambo ya zamani, naye akaishika kana kwamba ametumwa na mbingu. Hilo behewa kuukuu la tramu mnamolia chakula humu ndani, ni yeye. Hizo taa za vioo vya rangi, ni yeye. Je, kuna karakana, kanisa lililofungwa au dari la bibi kizee katika jimbo hili ambalo hakulipekua?

Siku moja kabla ya tawi hili la Tacoma kufunguliwa, ikagundulika meza moja haina viti. Jioni ile nikarudi kutoka kazini, nikakuta godoro letu liko sakafuni.

"Orrin, kitanda kiko wapi?"

"Nimekiazima tu, mke wangu. Ijumaa kinarudi."

Hakusema Ijumaa ya mwaka gani! Kitanda cha shaba, ndugu zangu, ambacho mama yangu alinizalia juu yake, kikafunguliwa, upande wa kichwani huku, wa miguuni kule, kikawa maegemeo ya viti vya meza ya kumi na nne. Miaka thelathini na minne watoto wenu wamekipaka mchuzi wa nyanya. Nimewaona. Wengine mmechumbiana pale, nami nilifurahi, kweli nilifurahi, kisha nikaenda nyumbani kulalia kitanda cha mbao kinacholia kila nikijigeuza. Mama alipofariki, nilikuja peke yangu, nikaagiza supu ambayo sikuinywa, nipate tu kuegemea pale. Niliumia sana siku ile.

Leo kampuni inampa Orrin saa ya dhahabu. Bi. Philippa, mstaafu ana haja gani na saa? Mimi naomba kitanda changu. Naomba mbele ya watu, kwa sababu nyumbani nimeomba vya kutosha, na jibu ni lilelile: Ijumaa.

Mmemwona Bi. Philippa? Ameitikia kwa kichwa! Orrin, acha kujifuta macho, mwizi ni wewe.

Wapendwa, nawashukuru kwa kunitegea sikio. Nanyi mlioketi meza ya kumi na nne, malizieni tambi zenu bila haraka, kisha naomba msimame.