Mandolini ya Marehemu Tanino

Naapa kwa Mtakatifu Agatha, kama kuna neno moja la uongo hapa, basi volkano yetu ya Etna ipasuke leo hii na moto wake wote umwagike sebuleni kwangu, juu ya lile kochi ambalo mke wangu hajawahi kuruhusu mtu alikalie. Mimi naitwa Saro. Pale kijiweni, kwenye benchi la nje ya duka la Melo kinyozi, mtaa wa San Cristoforo hapa Catania, wananiita Saro Chumvi, kwa wivu tu. Tunakaa watatu: mimi, Turi, ambaye ni Profesa kwa sababu alifagia chuo kikuu miaka ishirini na mbili, na mjomba Pippo Mafua, ambaye pua yake haijakauka tangu vita viishe. Kahawa anapika Melo ndani, anatutolea. Asubuhi moja, badala ya kahawa, akatutolea gunia.

Alikuwa anaziba dari inayovuja, akalikuta huko juu. Ndani mlikuwa na mandolini, lile gitaa dogo la kizamani. Mgongo wa mviringo kama nusu tikiti, mbavu zimeachana, nyuzi tatu kati ya nane, na panya walishazaa humo vizazi tisa, nilivihesabu mwenyewe. Melo akaniwekea mimi mapajani, hakumpa mtu mwingine.

— Baba alikufa nina miaka mitatu, akasema. Sina picha yake, sina hata kitana chake. Mama, Mungu amrehemu, alisema mandolini iliuzwa tukanunua jeneza. Sasa hii ya nani?

Swali lilikuwa gumu, maana enzi zile kila kinyozi alikuwa na mandolini kwenye msumari ya kuwapigia wateja wanaosubiri, na kabla ya Tanino, baba yake Melo, duka hilo lilipangwa na vinyozi wawili wengine.

Profesa akaomba tochi na kioo cha kunyolea, akachungulia tunduni. Karatasi ndani ilisema fundi wa Napoli, mtengenezaji wa wafalme. Basi akatangaza kwamba hii imetoka ikulu, na kwamba malkia aliipiga akiwa na mimba. Mjomba Pippo akakataa kabisa, akasema hii imeshuka kwenye meli iliyorudi kutoka Argentina haina hata mtu mmoja ndani. Mimi nikaikwangua ile karatasi kwa ukucha wa kidole kidogo. Chini yake kulikuwa na nyingine: karakana ya hapa hapa Catania, wale waliokuwa wanauza mandolini kwa bei ya kuku wawili.

— Unaona akili ya mfalme? akasema Profesa. Kaificha kwenye hali ya umaskini isiibwe.

— Mbavu kumi na moja tu, nikamwambia. Za wakubwa zina thelathini.

— Nyingine wamekula panya, akasema mjomba Pippo.

Melo hakucheka.

— Mimi sitafuti bei, wazee. Nataka kujua kama mikono yake ilishika hapa.

Basi tukaifufua. Gundi ya mifupa ya farasi tuliiyeyusha kwenye birika la kahawa, halikuwepo lingine, na kwa siku nne tulikunywa kahawa yenye harufu ya farasi. Profesa akasema inaimarisha magoti. Mbavu tukazibana kwa mpira wa baiskeli uliokatwa mistari. Uchafu anatoa mjomba Pippo kwa pamba na mate, ndivyo inavyosafishwa mandolini, na kwa mate yule bwana hana mpinzani Sicilia nzima. Alitaka pia kulipiga gundi daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi. Nikamshika mkono. Daraja halipigwi gundi, nyuzi zenyewe ndizo zinalikandamiza. Bila mimi leo ile ingekuwa bakuli.

Siku ya kufunga nyuzi ndipo mambo yakageuka. Vijichale vya kupitishia nyuzi nene vilikuwa upande wa nyuzi nyembamba. Na mikwaruzo ya miaka haikuwa kwenye kile kibamba cha gamba la kasa kinacholinda mbao, ilikuwa upande wa pili, kwenye mbao tupu.

— Aliyeipiga hii alikuwa mashoto, nikasema.

Melo akaacha mkasi.

— Baba alikuwa mashoto?

Bwana wee. Mjomba Pippo akasema ndiyo, Profesa akasema hapana, alimwona mara elfu. Mjomba Pippo akamuuliza alikuwa amekaa wapi. Kwenye kiti cha kunyolea. Basi ulimwona kwenye kioo, akaambiwa, na kioo kinageuza mkono. Profesa naye akamuuliza yeye alimwonea wapi. Naye kwenye kioo. Wakageuzana weee, mpaka birika la pili la kahawa Profesa anaapa Tanino alikuwa mashoto na mjomba Pippo anabisha kama kadhulumiwa shamba. Melo alikuwa anamtazama anayesema, kisha anamtazama anayejibu.

Kulikuwa na mtu wa posta, mgeni toka milimani, amekaa akisubiri kunyolewa. Akauliza taratibu:

— Samahani. Wembe alikuwa anashika kwa mkono gani?

Miaka yote ile Tanino alitunyoa sisi sote, ndevu zangu za kwanza ni yeye. Mjomba Pippo akaangalia viatu.

— Wembe ukija shingoni, akasema, mtu si unafumba macho.

Profesa akaitikia kwa kichwa. Uso wa Melo ukaanza kufunga kama duka.

— Kushoto, nikasema. Mimi nilifungua jicho moja.

Profesa akataka kusema kitu. Mjomba Pippo akamkanyaga mguu.

— Una uhakika, Saro?

— Wembe uliingia kwa upande huu hapa. Niliona mpaka kucha zake.

Melo akaibeba mandolini ndani, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akaigeuza upande wa shoto. Hajui kupiga. Alikuwa anagusa uzi mmoja, anasikiliza mpaka unyamaze, anagusa tena. Kahawa nyingine hatukupata siku hiyo, na hakuna aliyeiulizia.

Sasa nakuomba, haya yaishie kwako, hasa Melo asiyasikie. Wembe wa Tanino ulipofika shingoni mwangu, mimi nilifumba yote mawili.