Mama Aikande na Saa Zake za Ndege

Baada ya miaka ishirini na tisa kwenye dawati la tiketi za ndege hapa ofisini kwetu Sekei, Mama Aikande Ndesanjo anastaafu tarehe 31 Julai. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye dawati moja muda mrefu kuliko wote. Waliobaki hawakuweza.

Mama alianza enzi za tiketi za kuandikwa kwa mkono, na karibu kila mmoja wetu kafundishwa kazi naye. Shukrani zake tunampa. Lakini ni mbishi: mteja akisema simu imemwambia kutoka Kilimanjaro hadi Brisbane ni mwendo wa saa kumi na nne, Mama humuuliza hiyo ndege ya moja kwa moja ameiona wapi. Ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili, unabadilisha ndege mara mbili, na ukidhani umefika, bado.

Halafu kuna ule uongo wake. Watu wetu anawajua: msafiri mmoja husindikizwa na ukoo mzima, kwa nyimbo, sala, baraka za bibi, picha, kisha sala tena kwa ajili ya shangazi aliyechelewa. Basi kila mteja alitajiwa saa ya kuondoka iliyotangulia ile ya kweli kwa saa mbili. Tiketi ilisema kweli, lakini nani asome tiketi wakati Mama ameshasema? Waliokaa uwanja wa ndege wa KIA wakipiga miayo hawakumpigia yeye. Walinipigia mimi, na nimesemwa kwa Kiswahili, Kimeru na Kichaga.

Mwaka juzi akaja Mzee Aminiel wa Tengeru, anakwenda Brisbane kwenye harusi ya mwanawe wa pekee, Arnold. Kwa kuwa ni mzee wa kanisa, Mama akaona aibu kumdanganya, akamtajia saa ya kweli. Kumbe majirani walishamtonya kuhusu saa za Mama Aikande. Akajiongezea saa mbili, ukoo ukaimba kwa nafasi. Walipofika KIA, ndege ilishaondoka.

Mama alimtafutia njia nyingine, ila Brisbane si Moshi. Mzee alifika vyombo vinaoshwa. Arnold alifunga ndoa bila mtu wa kwao hata mmoja.

Mama alikwenda Tengeru kuomba radhi, akaenda tena mara ya pili, na mara zote Mzee hakutoka ndani. Nilikuwa nimemwonya kwamba mchezo ule utamtokea puani, nikamkumbusha. Safari hii alikubali. Mtu wa kubisha kutwa akikubali, inauma. Tangu hapo husema saa ya kweli, wateja wanachelewa, na bado wananipigia mimi.

Wiki iliyopita Mzee Aminiel aliingia ofisini. Arnold amepata mtoto, na ubatizo ni mwezi ujao huko Brisbane. Ili kuepusha shari nikamvutia kiti mbele yangu, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipita, akakaa mbele ya Mama.

Tiketi ya Mzee ndiyo ya mwisho aliyoikata Mama. Asante kwa yote, Mama. Umetuchosha, na tutakukosa sana. Mungu akupe pumziko jema na afya tele.