Aliyehesabu Kumi: Wasifu wa Mwalimu Otilia Sanhueza Venegas (1949–2019)

Wasifu huu marehemu aliusikia kwa masikio yake. Aprili mwaka huu alitaka asomewe rasimu, na palipoandikwa "alipendwa na wote" akainua mkono. "Wote? Uliwahesabu?" Sentensi hiyo imefutwa. Yaliyobaki yamelinganishwa na vyeti, madaftari yake na maelezo ya watu waliokuwapo.

Mwalimu Otilia alizaliwa katika mji mdogo wa Quirihue tarehe 9 Julai 1949, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Abelardo Sanhueza, fundi viatu, na mama Herminia Venegas. Dada zake wanakumbuka kwamba tangu akiwa na miaka sita hakuvaa kiatu kipya kabla ya kupitisha kidole ndani kutafuta misumari.

"Hata mimi baba yako huniamini?" mzee alimuuliza.

"Wewe nakuamini, baba. Nyundo yako ndiyo siiamini."

Alisoma shule ya msingi Quirihue, na sekondari Chillán alikoishi kwa shangazi yake. Mwaka 1972 alihitimu elimu maalumu katika chuo kikuu huko Concepción. Akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha alikabidhiwa faili la mtoto lenye neno moja kwenye jalada: "Hasemi." Alilirudisha kwa msimamizi akauliza ni nani aliyemsubiri mtoto huyo aseme, na kwa muda gani. Swali hilo limo kwenye daftari lake la mwaka huo.

Alifundisha Quirihue kuanzia 1973. Mwaka 1984 alihamia Chillán, kwenye shule ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano wenye matatizo ya lugha: watoto wanaosikia vizuri na kuelewa mambo, ila maneno yanawakwama. Mwaka 1991 akaanzisha mafunzo ya vitendo kwa walimu na wataalamu wa usemi, wiki moja kila likizo ya majira ya baridi. Mihadhara haikuwapo. Washiriki walikaa nyuma ya kioo kinachoonesha upande mmoja, wakamtazama akiwa sakafuni na mtoto, kisha wakaingia mmoja mmoja kufanya wenyewe. Kanuni yake ilikuwa hii: muulize mtoto, kalia mikono yako, hesabu kumi moyoni. Ugonjwa wa kazi yetu, alisema, ni kumjibia mtoto. Wengi walishindwa wakiwa wamefika nne.

Julai 1997 nusura mafunzo yafungwe, na familia imeona jambo hili lisomwe kama lilivyotokea. Jumanne tarehe 15, mbele ya walimu ishirini na watatu na mkaguzi wa elimu, Bi Fresia Troncoso, mtoto wa kike aliyeletwa kama mgeni kwa marehemu alizungumza naye vizuri kupita kiasi. Mkaguzi akamsubiri mlangoni.

"Mwalimu, mtoto huyu umemfundisha maneno haya kama wimbo?"

"Sikumfundisha. Lakini ni mtoto wa jirani yangu. Kila jioni anakuja kwangu kunywa chai na kula mkate na parachichi."

"Kwa hiyo umetudanganya."

"Ndiyo. Niliogopa mtoto angenyamaza mbele yako. Ningekuwa wewe, na mimi ningeshuku."

Mkaguzi alisema barua ya kufunga mafunzo ingeandikwa Ijumaa. Marehemu hakumsihi. Aliomba mkaguzi alete mtoto yeyote, kutoka popote, na akae chumbani humo humo ili asidanganywe tena.

Alhamisi Bi Troncoso alimleta Yasna, wa miaka minne na nusu, kutoka Bulnes, ambaye shule yake ilikuwa imeandika kwamba hana maneno. Marehemu aliweka sakafuni kopo lenye mfuniko uliokaza, ndani yake mna farasi wa mbao, akakalia mikono yake. Yasna alilivuta kopo, akaligeuza, akafungua mdomo.

"Sema, mwanangu," mkaguzi akamwambia. "Sema, fungua."

Mdomo ukafungika. Ikawa hivyo tena na tena. Baada ya dakika ishirini marehemu, ambaye alikuwa hajatamka neno, aligonga kioo akawataka walimu waseme walichoandika. Sauti ikatoka upande wa pili: mtoto alifungua mdomo mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja mtu mzima alimtangulia.

"Mtu mzima yupi?" mkaguzi akauliza.

Bi Troncoso akatazama kiti chake, akaketi upya, akakalia mikono. Walimu nyuma ya kioo wanasema midomo yake ilikuwa ikihesabu. Ilipofika tisa, Yasna akamsukumia kopo.

"Gumu," akasema. "Wewe fungua."

Barua ya Ijumaa iliandikwa, na nakala yake tunayo. Ina sentensi mbili: "Nilimshuku kwa haki. Mafunzo yaendelee." Yaliendelea hadi alipostaafu mwaka 2014, na hakutumia tena mtoto aliyemfahamu.

Alifunga ndoa tarehe 18 Februari 1978 na Nolberto Candia, mtengeneza soseji wa soko la Chillán. Alikwenda kibandani kwake mara tatu bila kununua kitu.

"Humu ndani mna nini?"

"Nguruwe, dada, na kitunguu saumu."

"Nguruwe tu?"

"Njoo alfajiri ushuhudie, maana wewe hata padri utamkagua kanzu."

Alikwenda alfajiri. Walijaliwa watoto wawili. Bwana Nolberto anakiri kwamba kwa miaka arobaini na moja alimmalizia mkewe sentensi, na kwamba aliambulia kuimaliza sawasawa mara chache.

Machi 2018 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu kukakamaa. Aliwaona madaktari watatu, akimficha kila mmoja aliyosema mwenzake. Wote walikubaliana. "Wamepigiana simu," akasema. Kufikia Mei mwaka huu pumzi ilimtosha kwa neno moja au mawili. Jumapili tarehe 2 Juni, mbele ya binti yake Viviana, alifungua mdomo na mumewe akaanza, "Maji? Mto? Nikuinue?" Akainua kidole. Mzee akakalia mikono yake, akahesabu.

"Umefika ngapi?" marehemu akauliza hatimaye.

"Ishirini na mbili."

"Mwongo."

Alitabasamu, kwa ushahidi wa watu wawili. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2019, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani Chillán, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mume, Nolberto Candia, watoto, Viviana na Edgardo, wajukuu watatu, dada wawili, Ernestina na Zunilda, na walimu ambao madaftari yake yanawataja kwa majina, mia tano na sita. Hao tumewahesabu.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Hatutakujibia.