Mama Kona na Hewa Isiyokuwa Yake

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Kona, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Hata daktari wa meno alimnyooshea mikono juu.

Baada ya sekondari alisomea ufundi wa injini, kisha urubani, na mwaka 1995 akaanza kufundisha kwenye uwanja mdogo uliopakana na ule wa ndege kubwa. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kona zake kali. Ndege ikilala nyuzi sitini bila kushuka, mabawa hubeba mzigo maradufu. Aliwaambia ni sawa na kubeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wa tatu akikurukia, unavunjika. Ukifunga duara bila kupanda wala kushuka, ndege hukutana na hewa iliyoivuruga yenyewe, ikashtuka kidogo. Hapo mwanafunzi alipewa mkono, na chai ilikuwa juu ya mwalimu.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1997 na fundi umeme, mtu asiyeogopa nguzo yoyote, lakini hakukanyaga ndege ya mkewe hata siku moja. Walijaliwa watoto wawili. Mkubwa, binti, akawa mwanafunzi wa mama yake.

Tarehe 9 Juni mwaka huu walikuwa angani, binti akiendesha. Katikati ya kona ndege ikashtuka. Binti akasema duara bado, akataka kunyoosha mabawa.

"Hewa yetu hiyo," mama akamwambia. "Vuta usukani."

Haikuwa yao. Ndege kubwa ya mizigo ilikuwa imepita juu, na hewa iliyoizungusha nyuma yake ilikuwa ikishuka taratibu. Binti akavuta, na pigo la pili likayakuta mabawa yamekwisha kuelemewa. Bawa la kulia likapinda kupita kikomo chake. Mama alishika usukani mpaka shambani walikoanguka. Binti alivunjika mkono. Mama aliumia uti wa mgongo, figo zikafuata, na tarehe 2 Julai akafariki hospitalini, kwa maumivu ambayo hatutayapamba.

Maneno yetu yalikuwa yamemfikia kitandani, kwamba mtoto alivuta mno. Akamwita mdogo wake, anayesoma wasifu huu.

"Siku ya kunizika usinirembe. Sema mtoto alikuwa sahihi, mimi nikambishia."

Ameacha mume, mtoto wa kiume, wadogo wawili, na binti yake aliyesimama kule langoni, ambaye hakumuua mama yake. Mjomba wake, huyu anayesoma, anamwomba asogee, akae na baba yake.

Dada, tumesema. Pumzika kwa amani.