Doa la Nyanya

Ndani ya basi, kando yangu, kijana mwenye koti la kiwanda cha nyanya alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, wala hakuulizwa, kwamba maji ya kuoshea nyanya siku hizi hayamwagwi ovyo. "Tunachuja ule wekundu, mama, unatiwa kwenye mafuta ya ngozi. Ni mali ile!"

"Marehemu mume wangu alikuwa anazibua mitaro hapo kwenu," mama alisema. "Kila jioni anarudi na shati jekundu. Namnunia, nasugua mpaka doa litoke. Sasa natafuta hata shati moja lenye doa, silipati."

"Pole, mama. Ila vichujio vyetu..." Nilitamani nimkanyage mguu.

Basi likasimama, mama akainuka. "Koti lako analifua nani?"

"Mke wangu."

Koti lilikuwa jeupe pe. "Mwambie asisugue sana," alisema, akashuka.