Mama Santuri na Ile ya Ngazi

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, mimi ni kitinda mimba wake. Kaka yangu mchapaji, aliyeandaa ratiba mliyoishika, alinipa ukurasa mmoja. Nimeandika miwili na ushee. Mtanisamehe.

Marehemu alituagiza tusimpambe. Alisema, "Msiwaambie watu nilikuwa simba. Wanaonijua watacheka." Kwa hiyo naanza na jambo ambalo wengi wenu mnalijua: mama yetu, mliyemwita Mama Santuri, alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, radi, lifti na simu inayolia mara mbili kisha ikanyamaza. Tangu mwaka 1985 aliogopa pia hatua za mtu anayepanda ngazi, na hilo nitalieleza, maana linanihusu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mwashi na mama mshonaji. Bibi alikuwa akisimulia kwamba radi ilipopiga, watoto wengine walimkimbilia yeye, lakini huyu alijitupa chini ya cherehani na kuikanyaga pedali kwa viganja vyake, cherehani ikanguruma bila kitambaa mpaka mvua ikaisha. Bibi alidhani ni utundu. Mtoto akamweleza kwamba mlio wa cherehani anaujua unakoanzia na unakoishia, ila wa radi haujui.

Alianza darasa la kwanza Januari 1955 na kumaliza la nane mwaka 1962, akiwa wa pili katika darasa la watoto arobaini na mmoja. Alichaguliwa kwenda sekondari. Njia ya huko ilipita juu ya daraja la waenda kwa miguu lenye mbao zilizoachana, na mto ulionekana katikati. Alilivuka siku tisa, kaka yake akiwa amemshika mkoba kwa nyuma. Siku ya kumi alifika nusu, akageuka, na hakurudi tena. Mjomba yupo hapa, na hata juzi alirudia utani wake wa miaka yote kwamba elimu ya dada yake iliishia mbao ya kumi na nne.

Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa kituo cha redio kama mfagizi wa korido za studio. Taa nyekundu ilipowaka juu ya mlango, wafagizi walivua viatu na kusimama kimya hadi izimike. Huko, akiwa pekupeku na fagio mkononi, ndiko alikosikia muziki wa klasiki kwa mara ya kwanza, ukipenya chini ya mlango. Alifikiri kuna watu mia humo ndani, na mlango ulipofunguliwa akaona ni mtu mmoja anakunywa chai kando ya sahani nyeusi inayozunguka. Mwaka 1974 alihamishiwa maktaba ya santuri, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2002. Kituo kilipokuwa kikitupa santuri zilizochakaa, fundi mitambo, mzee mmoja waliyemwita Bwana Kimya, alimpa thelathini na moja pamoja na gramafoni yenye mguu mmoja mfupi. Mguu huo uliwekewa kibao cha kukatia vitunguu, na upo hivyo mpaka leo.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi breki katika karakana ya reli, tarehe 22 Agosti 1970. Walijaliwa watoto watatu: kaka mwaka 1971, dada mwaka 1974 na mimi mwaka 1979. Tuliishi ghorofa ya pili ya nyumba za reli, juu ya ngazi za mbao zenye vidato kumi na tisa. Kila kimoja kililia kwa sauti yake, na baba aliahidi kuvipigilia kila mwaka.

Humo ndimo alimotulea na santuri. Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Saa kumi kamili tulivua viatu, kama mbele ya ile taa nyekundu, tukakaa kila mtu kwenye mto wake. Wa chini ya miaka minne walisikiliza wimbo mmoja mfupi tu na waliruhusiwa kucheza au kulala. Wakubwa walisikiliza upande mzima, kisha kila mmoja akasema ameona nini. Hapakuwa na jibu baya, isipokuwa "sijui." Siku moja fidla ilipokuwa ikilalamika, kaka alisema, "Huyu amepoteza ufunguo." Mama akamgeukia kwa heshima kabisa akamuuliza, "Na nyumbani kuna mtu wa kumfungulia?" Hakujua kusoma maandishi ya kwenye karatasi za santuri, yalikuwa ya lugha za mbali, basi alizipa majina yake. Kulikuwa na Ile ya Mvua, Ile ya Bibi Harusi Aliyekataa na Ile ya Farasi Mnene. Waliozitunga hakuwafahamu hata mmoja. Alisema, "Mimi siwajui, wao hawanijui. Hatudaiani salamu."

Na kulikuwa na Ile ya Ngazi.

Hiyo ilianza chini kabisa, fidla kubwa zikipiga sauti moja nzito, kimya, kisha nyingine juu yake kidogo, kimya tena. Mtu alikuwa anapanda. Hakuwa na haraka. Tuliisikiliza mara chache tu, tumeshikana mikono, nami kwa udogo wangu nilitolewa nje kabla mtu huyo hajafika juu, na mama alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukiogopa shika mkono wa mwenzako, usizibe masikio. Ya pili hakuwa na mzaha nayo: santuri haizimwi katikati. Alituambia, "Ukiizima kabla haijaisha, hofu iliyokuwemo inabaki humu nyumbani. Iacheni ifike mwisho, ndipo inapoondoka."

Sehemu inayofuata haimo kwenye ratiba. Kaka aliiondoa, akasema watu hawaji mazikoni kusikiliza habari za sindano ya gramafoni. Nimemwomba radhi tangu jana.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 1985, nilikuwa na miaka sita. Kaka na dada walikuwa wamechelewa shuleni. Mama alikuwa jikoni. Nilitaka kuwaonyesha kwamba mimi si mtoto, nikaiweka Ile ya Ngazi mwenyewe, nikakaa kwenye mto wangu peke yangu bila mkono wa kushika. Yule mtu akaanza kupanda. Nilijua kwamba pale juu kuna mlango, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia. Alipobakiza kama hatua tatu nilishindwa. Niliruka, nikaing'oa sindano ikakwaruza.

Muziki ulinyamaza. Hatua hazikunyamaza. Nilizisikia nje, kwenye vidato vyetu, zile mbao zikilia moja baada ya nyingine, pole pole, zinakuja. Kisha mlango ukabishwa.

Alikuwa msimamizi wa karakana, kofia mkononi. Alimwambia mama kwamba mabehewa mawili yalijongea wakati baba yuko kati yake. Mama hakulia mbele yake. Alimuuliza kama viatu vyake ni vya kazi au vya nyumbani, sijui kwa nini, na yule bwana akatazama miguu yake akajibu, "Vya kazi, mama." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gramafoni. Nilijua kilichotokea. Yule mtu wa kwenye santuri nilikuwa nimemzima katikati, akatoka.

Sikumwambia mtu. Baada ya miezi mitatu mama alirudisha Alhamisi, safari hii na watoto wa majirani pia, na alizidumisha miaka thelathini na sita. Wengine wenu mmekaa kwenye mito ile, mkawaleta watoto wenu, nao wakaleta wao. Hata aliyekuja hajui kusema alipewa kijiko apige mezani sehemu inayodunda. Ile ya Ngazi aliendelea kuiweka mara moja moja kwa wakubwa, na kila alipoitoa kwenye jalada lake mimi nilikuwa na haja ya kwenda chooni. Hakuwahi kuniuliza.

Lakini kuanzia wiki ile hakuweza tena kuvumilia hatua kwenye ngazi. Alizima maji, akashika ukingo wa meza, akasikiliza. Ndipo akaweka ile amri mnayoijua nyote mliowahi kumtembelea: ukipanda kwake, panda unaimba. Imba chochote, hata vibaya. Anayeleta habari mbaya, alisema, hapandi anaimba. Msoma mita ya maji aliimba. Daktari wa meno aliyehamia ghorofa ya kwanza alimwimbia kila jioni kabla ya kumletea gazeti. Watu walicheka, naye alicheka pia. Mimi niliimba kwa sauti kuliko wote, na kila kidato nilikuwa nikijiambia kwamba mwoga huyu nimemtengeneza mimi.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Tarehe 11 Julai madaktari walituambia moyo wake umechoka. Alilazwa wodi ya tatu, kitanda cha karibu na dirisha, mwisho wa korido ndefu yenye sakafu inayovuma. Siwafichi, aliogopa sana. Kila viatu viliposikika kule mbali aliminya mkono wangu, na mimi nikaogopa kwa sababu yeye anaogopa. Muuguzi mmoja wa zamu ya asubuhi alituuliza kwa nini sisi wote tunaingia tunaimba. Tulimweleza. Kesho yake alikuja na dawa akiimba puani, na mama akamwambia, "Sauti huna, mwanangu, lakini moyo unao."

Wiki ya mwisho tulikuwa wawili tu, mchana. Alisema, "Ile ya Ngazi uliizima siku ile." Hakuuliza.

Nilianza kumkunjia shuka miguuni.

"Niliuona mkwaruzo baada ya kumzika baba yako. Mkono wa mtoto, umeenda upande."

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilimwachia hofu ndani ya nyumba, kwamba baba alikufa kwa sababu yangu, na kwamba nimekuwa nikilisema hilo moyoni kwa miaka thelathini na saba.

Mama alijiinua kidogo kwenye mto. "Ile sheria niliitunga," alisema. "Ninyi mlikuwa mnanyanyua sindano ovyo, mnazikwaruza. Na sindano zilikuwa adimu, mwanangu. Nilikuwa nazo mbili tu."

"Sindano?"

"Sindano."

Nilikasirika. Nasema hapa mbele ya jeneza lake kwa sababu hakutaka apambwe. Nilimuuliza kwa nini aliniona nikikimbilia chooni miaka yote hiyo asiseme neno. Akajibu, "Niliogopa. Ungeniuliza, kama ile ilikuwa uongo, ni nini kingine nilichowadanganya. Na kusema kweli, baada ya baba yako, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuiamini. Nilikuwa nasikia unaimba kwenye ngazi, nasema huyu mtoto anaimba kwa nguvu mno. Nikanyamaza. Nisamehe."

Nilimsamehe, lakini si siku ile. Ilinichukua mpaka Jumamosi. Nilimuuliza basi mwisho wa Ile ya Ngazi ukoje, yule mtu akifika juu anafanya nini, anabisha? Akafumba macho. "Kasikilize. Nikikusimulia, utakuwa umeizima tena." Halafu akasema anataka ipigwe siku ya kumzika, yote.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Dada alikuwa anaingia kwenye korido wakati huo, anaimba Ile ya Farasi Mnene. Muuguzi anasema mama aliigeuzia kichwa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja ambaye kwa sasa anaonja kila santuri kwa ulimi, kaka mmoja, dada mmoja, mito kumi na miwili, na santuri thelathini na moja, moja kati ya hizo ikiwa na mkwaruzo wangu.

Gramafoni mnaiona pale, na kibao chake. Mpwa wangu fundi redio ameweka sindano mpya. Amenionya kwamba ikifika kwenye mkwaruzo inaweza kunasa, ikarudia hatua ileile na ileile. Ikinasa, ataisukuma kwa kidole. Haitazimwa. Sijaijaribu nyumbani na sijui kilicho mwisho wake. Naogopa, nanyi mnaniona. Anayeogopa asizibe masikio, amshike mkono aliye karibu naye. Kaka, njoo hapa.

Mama yetu apumzike sasa, wala asisikilize tena ngazi.